Kofia Kumi na Mbili za Darasa la Abla Thuraya

THURAYA: Alo? Na'am? Nani mwenzangu?

MWANABARAKA: Haloo! Mwalimu? Mwalimu Thuraya?

THURAYA: Ndiye. Namba hii siijui.

MWANABARAKA: Ni mimi, Mwanabaraka.

THURAYA: Nani?

MWANABARAKA: Mwanabaraka! Dada wa kazi wa kina Adham. Wa getini!

THURAYA: Aa. Dada Mwana. Shikamoo.

MWANABARAKA: Marahaba, mwanangu. Uko peke yako hapo?

THURAYA: Niko na walimu wenzangu, ngoja nitoke. (mlango unafungwa) Haya. Hii simu ya nani?

MWANABARAKA: Ya Kuruthum, anafanya kazi nyumba ya pili. Kanipitishia juu ya ukuta, nikaipokea dirishani. Yangu mama mwenye nyumba, Khulood, kaichukua tangu asubuhi. Salio lake dogo, mwalimu, hebu kata unipigie wewe.

THURAYA: La, wacha hivi hivi.

MWANABARAKA: Litakatika, nakwambia.

THURAYA: Nikipiga miye itaonekana nimepiga miye. Sema tu, Dada Mwana. Kuna nini?

MWANABARAKA: Mambo yameharibika huku. Zile kofia zimeonekana.

THURAYA: Kofia zipi?

MWANABARAKA: Mwalimu. Unaniuliza kofia zipi?

THURAYA: Yaani... zote?

MWANABARAKA: Zote kumi na mbili. Na vile vifuko. Adham kaamka na homa, mama akaja chumbani kwangu kutafuta shuka safi, maana huko ndiko napigia pasi. Akaliona lile furushi chini ya kitanda. Akavuta. Zikamwagika zote miguuni mwake, nyeusi, ndefu, zimechongoka juu. Alipiga ukelele, mwalimu, mimi mwenyewe nilidhani nyoka.

THURAYA: Subhanallah.

MWANABARAKA: Mimi niko jikoni nakoroga uji wa mtoto. Nakuja mbio na mwiko mkononi. Ananiona na mwiko, anarudi nyuma, anasema usinisogelee. Mimi! Miaka mitano nimo humu ndani!

THURAYA: Na homa yake imepanda mpaka thelathini na tisa na nusu, maskini.

MWANABARAKA: Umejuaje? Hilo sijakwambia.

THURAYA: Kwenye... kwenye grupu. Grupu ya mama zao. Wameandika wamuombee dua.

MWANABARAKA: Basi kama wameandika homa, wameandika na mengine.

THURAYA: Sijasoma yote. Niko darasani tangu—

MWANABARAKA: (mtandao unakwaruza) —sikii! Umesemaje?

THURAYA: Nasema sijasoma yote!

MWANABARAKA: Haya, nisikilize. Baba Harub, mumewe, yuko njiani anatoka Nizwa. Mama amesema akifika wananipeleka polisi. Mimi nataka nimweleze Baba kwa utaratibu, neno kwa neno, asije akasema natunga. Hebu tupange tena ile siku yako ya darasani tangu mwanzo. Mimi nataja, wewe unasahihisha.

THURAYA: Sasa hivi?

MWANABARAKA: Lini tena? Saa mbili watoto wanavaa kofia.

THURAYA: Na'am. Wanavaa kofia.

MWANABARAKA: Halafu mbio za mafagio ya makuti pale uani. Kila mtoto na fagio lake katikati ya miguu.

THURAYA: Na'am.

MWANABARAKA: Halafu sufuria la mchawi. Wanafumba macho, wananusa vifuko, mmoja mmoja, wanataja ndani kuna nini. Ubani, karafuu, mdalasini, ndimu kavu.

THURAYA: Na hiliki.

MWANABARAKA: Na hiliki. Halafu wanachora pua yenye chunjua. Nilicheka pale uliponambia chunjua. Halafu yule mtoto Wiam anasema maneno yake ya Kiingereza, halafu keki, halafu wanarudi nyumbani na kofia zao. Sivyo?

THURAYA: Ndivyo.

MWANABARAKA: Na yote hayo kwa sababu gani? Hapo ndipo nasahau. Nilikuwa nashona tu, sikuuliza sana.

THURAYA: Wiki ya herufi, Dada Mwana. Kila wiki herufi moja ya Kiingereza. Wiki hii ya dabliu. Mchawi kwa Kiingereza anaanza na dabliu. Nimeona kwenye intaneti, walimu wa nchi nyingine wanafanya siku nzima, watoto wanafurahi, picha nzuri...

MWANABARAKA: Hakuna kitu kingine kinachoanza na hiyo dabliu yako?

THURAYA: Tikiti maji.

MWANABARAKA: Tikiti! Mwalimu! Ungewaletea watoto tikiti, mngekula, mngepanguza midomo, mambo yamekwisha!

THURAYA: Tikiti walifanya mwaka jana. Nilitaka kitu wataikumbuka.

MWANABARAKA: Wataikumbuka kweli. (anacheka kidogo, anakatisha) Sasa niambie la majina. Hilo ndilo linaloniua.

THURAYA: Majina gani?

MWANABARAKA: Ya mama zao! Kila kofia kwa ndani, kwa uzi mwekundu. Adham wa Khulood. Shamsi wa Shadya. Mtu na jina la mama yake! Kwetu Pangani anayetaka jina lako na jina la mama yako ni mganga peke yake. Na hapa Oman, nimeona mimi, jina la mama wa mtu halitajwi hadharani.

THURAYA: Nna Adham watatu, Dada Mwana. Watatu darasa moja. Na miye wazazi nawajua kwa mama zao tu, wao ndio wamo kwenye grupu. Nikasoma orodha kama ilivyo kwenye simu. Sikufikiri. Wallahi sikufikiri.

MWANABARAKA: Mimi nilifikiri. Sindano ilinisimama mkononi. Nikajiambia, huyu ni mwalimu, kasoma, ana sababu yake. Nikashona.

THURAYA: Ungeniambia.

MWANABARAKA: Ningekwambia wapi? Getini, dakika mbili, mama kakaa kwenye gari ananitazama? Na wewe ndiye uliyesema usimwambie mama yake, itakuwa ya kuwashtukiza. Nashona mama akilala mchana, akikohoa nasukuma kitambaa chini ya kitanda. Sasa nikimwambia Baba sikuwa na nia mbaya, ataniuliza, kama huna nia mbaya ulikuwa unaficha nini? Nimjibu nini hapo?

THURAYA: Ngoja, kuna mtu anapita. (hatua zinapita)

MWANABARAKA: Mwalimu, upo?

THURAYA: Nipo.

MWANABARAKA: Na mafundo. Uliniambia funga sana vile vifuko, watoto wasije wakala karafuu. Nikafunga mafundo matatu matatu. Kaja mutawwa, yule msomaji wa Samad Ash Shan, kakaa sebuleni anayahesabu. Thelathini na sita. Kila akifungua fundo anasoma na kupulizia maji. Mama kakaa pembeni analia. Mimi nimesimama mlangoni nasema ni karafuu, shekhe, nusa, ni karafuu za kupikia, nimechota kabatini humu humu. Hakuniangalia hata usoni.

THURAYA: Ya Rabbi.

MWANABARAKA: Na mtoto ananiita. Hilo ndilo linalonikata, mwalimu, mengine nastahimili. Yuko ndani anaita Mwana, Mwana, maji. Hataki ya mama yake, anataka nimpe mimi, kazoea. Nimempakata tangu ana miezi sita. Wamenifungia huku kwenye chumba cha kufulia, namsikia anaita, siwezi kumjibu, nikimjibu wanasema namroga kwa sauti.

THURAYA: Dada Mwana, usilie.

MWANABARAKA: Silii. Nikilia watasema najuta. Sasa sikiliza, nilichopigia. Ile sauti uliyonitumia juzi, ile unayotaja majina ya watoto na mama zao. Na ile ratiba uliyoipiga picha.

THURAYA: (mtandao unakwaruza) —nakatika katika, Dada Mwana—

MWANABARAKA: Ile sauti ya juzi! Nilimwambia mama, fungua simu yangu, utamsikia mwalimu kwa masikio yako, na mambo yatakwisha. Nikampa na namba ya siri. Kafungua mbele yangu. Unajua kimeandikwa nini?

THURAYA: Nini?

MWANABARAKA: Ujumbe huu umefutwa. Ujumbe huu umefutwa. Ujumbe huu umefutwa. Mara saba, mwalimu. Mama ananionyesha kidole, anasema umefuta ushahidi, mchawi weye. Nitafutaje mimi, na simu iko mkononi mwake tangu asubuhi?

THURAYA: Labda mtandao...

MWANABARAKA: Mtandao unafuta ujumbe?

THURAYA: Mara nyingine simu zinakuwa na mushkila—

MWANABARAKA: Mwalimu, ulifuta wewe?

THURAYA: Usiniulize hivyo, Dada Mwana.

MWANABARAKA: Nina haki ya kujua. Mimi ndiye niliyemo chumba cha kufulia.

THURAYA: Umm Adham, mama Khulood wako, katia picha ya kofia kwenye grupu saa moja asubuhi. Saa moja na nusu mudira, mkuu wetu wa shule, kasimama mlangoni, anatuuliza mmoja mmoja, nani anajua habari ya kitu hii? Mwenye shule keshampigia. Hapa sihri, uchawi, si mchezo, Dada Mwana, si kufukuzwa kazi tu. Miye mkono ulikuwa mfukoni, simu iko humo... nikafuta. Sikufikiri, nikafuta.

MWANABARAKA: Lakini ratiba mudira anayo. Ulimpelekea, si ndiyo? Alitia sahihi?

THURAYA: Nilimpelekea.

MWANABARAKA: Basi! Hiyo hiyo inatosha!

THURAYA: Kwenye karatasi yake niliandika Siku ya Herufi. Neno mchawi sikuliandika.

MWANABARAKA: Kwa nini hukuliandika?

THURAYA: Niliona... atakataa.

MWANABARAKA: Kwa hiyo ulijua.

THURAYA: Sikujua itafika hapa!

MWANABARAKA: Ulijua ni jambo la kumficha mudira, ukaja ukaliweka chini ya kitanda changu.

THURAYA: Usiseme hivyo. Wallahi usiseme hivyo, Dada Mwana. Miye nakupenda, unajua. Nikija getini naona kama bibi yangu yupo, nasema na mtu Kiswahili...

MWANABARAKA: Najua. Na mimi nakupenda. Nchi nzima hii hakuna mtu ananiamkia shikamoo ila wewe. Ndiyo maana nilishona. Sijakasirika. Au nimekasirika, lakini nitakasirika baadaye, nikitoka humu. Umefuta, basi, limepita. Sasa sema kwa mdomo. Mpigie mama Khulood, mwambie ni mimi niliyemtuma, kofia ni za darasa. Maneno hayo tu, hayafiki hata dakika.

THURAYA: Mkataba wangu unakwisha mwezi huu. Khelef, mume wangu, tangu walipomsimamisha kazi kule Sur yuko nyumbani. Nna watoto wawili.

MWANABARAKA: Na mimi nina wawili. Mmoja anaolewa mwezi wa Mfungo Sita, mwalimu, posa imekwisha pokelewa. Unafikiri naogopa kurudishwa? Kurudishwa nitapanda ndege, nitateremka. Naogopa jina. Watu wa kwetu wako Ibra, wako Sur, wako Jalan, kila nyumba kuna mtu wa Tanga. Kuruthum ananiambia kuna sauti imeanza kuzunguka kwenye simu za watu. Mwanabaraka kashikwa na uchawi Oman, alitaka kumuua mtoto wa bosi. Itafika Pangani kabla yangu. Nani atamuoa mtoto wa mchawi? Utaniambia nani? Na hiyo ni kama nitarudi. Kesi je? Mimi sijui Kiarabu cha kesi. Mimi najua cha jikoni. Leta sahani, funga mlango, mtoto kala. Wataniuliza maswali nitaitika na'am, na'am, mpaka nijifunge mwenyewe.

THURAYA: Basi. Basi, Dada Mwana. Ntamwambia.

MWANABARAKA: Lini?

THURAYA: Nikitoka shule.

MWANABARAKA: Baba Harub atakuwa kafika!

THURAYA: Ntamwambia, nakwambia. Niachie nipange maneno.

MWANABARAKA: Hayo maneno hayahitaji kupangwa. Yeye amekupigia? Asubuhi alisema atakupigia, nikafurahi, nikasema afadhali.

THURAYA: Simu... ilikuwa mbali.

MWANABARAKA: Hajakupata?

THURAYA: Nilikuwa na watoto.

MWANABARAKA: Basi bado iko nafasi. Hajakusikia. Akikusikia wewe mwenyewe ataamini, anakuheshimu sana, abla Thuraya hivi, abla Thuraya vile. Mama hana roho mbaya, anaogopa tu. Mtoto mmoja, kampata kwa taabu. Ningekuwa mimi na mimi ningeogopa. (mlio wa mlango wa bati) Ngoja. Ngoja kidogo.

THURAYA: Nini?

MWANABARAKA: Anakuja. Anakuja na ufunguo.

THURAYA: Basi kata. Kata, ntampigia—

MWANABARAKA: Nakupa uzungumze naye.

THURAYA: La! La, Dada Mwana, si sasa, sijajitayari—

MWANABARAKA: Mama! Mama Khulood! Usipige, mama, simu ni ya Kuruthum, nimeiomba. Mwalimu huyu hapa! Abla Thuraya! Pokea, mama, nakuomba kwa Mungu, mpokee umsikie!

THURAYA: Dada Mwana—

KHULOOD: Alo? Nani huyu? Alo! Huyu ananambia abla Thuraya yuko kwenye simu.

THURAYA: Ni miye, Umm Adham.

KHULOOD: Abla! Samahani, habibti, wamekufuata mpaka kazini.

THURAYA: La, si neno. Mtoto hajambo?

KHULOOD: Kalala sasa. Abla, miye sitaki kubeba dhambi ya mtu. Huyu kanilelea mwanangu. Kama kuna neno, sema, kasimama hapa mbele yangu. Ukisema ni yako, wallahi namfungulia sasa hivi, nampigia Harub arudi kazini kwake, na wewe sikudai kitu.

MWANABARAKA: (kwa mbali) Sema, mwalimu. Sema tu.

THURAYA: (mtandao unakwaruza)

KHULOOD: Abla? Wansikia?

THURAYA: Nakusikia.

KHULOOD: Eh?

THURAYA: Ni vile vile nilivyokwambia asubuhi, Umm Adham.

KHULOOD: (kwa sauti ya chini sana) Huna habari nazo.

THURAYA: Sina.

KHULOOD: (anapaza sauti) Khalas. Nimefahamu.

MWANABARAKA: (kwa mbali) Amekwambia, mama? Si amekwambia?

KHULOOD: Abla, umuombee mwanangu dua.

THURAYA: Allah amshafi. Na kesho... kesho asije shule. Apumzike.

KHULOOD: Inshallah. Maa salama, habibti.

THURAYA: Maa salama.

MWANABARAKA: (kwa mbali, anacheka huku analia) Alhamdulillahi! Alhamdulillahi! Si nilikwambia, mama, muulize mwalimu mwenyewe, mwalimu hasemi uo—

(salio limekwisha)